Lapi Mzee, Picha Mob: Programu za Linux za Kuona na Kupanga Picha Bila Kuua Mashine

Saa saba usiku. Kesho yake asubuhi jamaa wa kuprinti anataka picha ya shosh ya kuweka mbele ya karatasi ya mazishi. Binamu zangu wako kwa group ya WhatsApp wananiuliza, "Si wewe ndio uko na lapi? Tuma basi." Na mimi niko hapo kwa meza, niko na picha zaidi ya elfu kumi na moja kwa diski, programu ya picha imefunguka nusu, feni inalia kama posho mill, na mashine imeganda tii.

Tulimaliza aje? Tulipiga kitambulisho cha shosh picha na simu, tukakata uso, tukapeleka hiyo. Ndiyo watu walishika mkononi siku ya kumzika.

Kilichoniuma ni kwamba hizo picha nilikuwa nimezipanga kitambo. Nilikaa karibu mwezi mzima nikiweka tagi: "shosh", "ushago", "Krisi". Halafu siku moja nikaamua kubadilisha Linux moja niende nyingine. Nikakopi folda ya picha kwa diski ya nje, nikafomati, nikarudisha. Picha zote zilirudi. Mpangilio haukurudi, juu tagi zangu hazikuwa ndani ya picha. Zilikuwa kwa databesi ya ile programu, kwa folda iliyofichwa, na mimi sikujua iko. Kosa lilikuwa langu, sitataja programu.

Mimi sikumaliza chuo, so sitakupigia lecture ya kompyuta. Lakini hii kitu nimeisomea kwa machungu. Kama uko na lapi ya kitambo, ex-UK ya RAM GB 2 au 4, na umeihamisha kwa Linux juu Windows 10 iliachwa kusapotiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine yako haiwezani na Windows 11, hii ni yako. Tuende pole pole.

Kuona ni kitu moja, kupanga ni kingine

Hapa ndio wasee wengi huchanganyikiwa. Kuna programu ya kuona picha: unabonyeza faili, inafunguka, unasonga mbele na mshale, unafunga. Basi. Na kuna programu ya kupanga: inajua tarehe, tagi, albamu, inaweza kukuonyesha "Desemba 2019" au "harusi ya Kamaa" ata kama hizo picha zimetawanyika kwa folda kumi.

Ya kuona inafaa kuwa nyepesi sana, juu unaifungua mara ishirini kwa siku. Ya kupanga inaweza kuwa nzito kidogo, juu unaifungua Jumapili ukiwa na time. Makosa ni kutumia ile nzito kwa kila kitu. Ukibonyeza picha moja ya screenshot na programu inaanza kusoma picha elfu kumi na moja, utaichukia lapi yako bure.

So jibu la kwanza ni hili: weka mbili. Moja ya kuona, moja ya kupanga.

Maswali manne kabla hujachagua

Moja: inaacha picha zikae penye ziko? Kuna programu zinasoma folda zako venye ziko. Zingine zinataka "kuingiza" picha kwanza, na ukikubali haraka haraka zinakopi kila kitu tena. Kwa diski ya GB 128 hiyo ni shida. Soma swali lake kabla ya kubonyeza OK.

Mbili: tagi inaandika wapi? Hili ndilo swali kubwa. Picha ya JPEG iko na nafasi ndani yake ya maelezo. Simu yako inaandika tarehe na aina ya kamera kwa sehemu inaitwa EXIF. Tagi na maelezo yako yanaweza kuandikwa kwa sehemu zinaitwa IPTC na XMP, ndani ya hiyo hiyo faili. Tagi ikiwa ndani ya faili, picha ikienda inaenda nayo: kwa flash, kwa lapi ya sistako, kwa programu nyingine. Tagi ikiwa kwa databesi pekee, inabaki na programu.

Tatu: inakula RAM kiasi gani kwa mashine YAKO? Usiamini mtu wa YouTube mwenye RAM GB 32. Fungua terminali, andika hii kabla na baada ya kufungua programu kwa folda yako kubwa:

free -h

Linganisha safu ya "used". Subiri vipicha vidogo vimalize kujitokeza ndio upime, juu hapo ndio mzigo huwa.

Nne: inaelewana na desktop yako? Programu za Linux nyingi zimejengwa na GTK ama Qt. Xfce, Cinnamon na GNOME ni watu wa GTK. KDE na LXQt ni watu wa Qt. Ukiweka programu ya upande ule mwingine itafanya kazi fiti tu, lakini itakuja na vipakiti vyake vya kusaidia, na kama unatumia data ya simu utaisikia. Flatpak nayo mara ya kwanza inaburuta mzigo wa mamia ya MB hata kama programu yenyewe ni kadogo. Kama data ni shida, tumia apt.

Za kuona tu

Kwanza cheki kile tayari kiko kwa lapi. Xubuntu inakuja na Ristretto, Lubuntu inakuja na LXImage-Qt, Linux Mint iko na Xviewer. Desktop ya KDE iko na Gwenview. GNOME tangu toleo la 45 la mwaka wa 2023 ilibadilisha Eye of GNOME ikaweka Loupe. Kama hiyo yako inafungua picha kwa sekunde na haikusumbui, usihangaike. Umemaliza nusu ya kazi.

Kama inakusumbua, kuna hizi:

feh. Hii ni ya wale hawaogopi terminali. Haina menyu juu wala vitufe pembeni, ni picha tu na kiibodi. Unaingia kwa folda, unaandika feh na jina la picha. Nyepesi ajab. Wasee wengi pia wanaitumia kuweka wallpaper.

nsxiv. Ndugu ya feh, lakini iko na ukurasa wa vipicha vidogo na unaweza kuweka alama kwa zile unataka ukibonyeza herufi m. Ni poa ukiwa umerudi na picha mia tatu za harusi na unataka kuchagua thelathini.

Geeqie. Hii ndio napenda kuliko zote. Inaonekana ya zamani, juu ni ya zamani kweli: ilizaliwa kutoka kwa programu ingine inaitwa GQview. Lakini ukiwa na lapi chovu, sura si kitu. Inafungua folda haraka, inaweka picha mbili kando kando ulinganishe ipi imetoka blur, na iko na kazi moja tamu sana: kutafuta picha zinazofanana. Si majina tu. Inaweza kutafuta zilizo sawa kabisa, na pia zile zinafanana kwa macho, kama ile meme umetumiwa na groups sita. Mimi nilifuta takataka nyingi hivyo. Kuiweka:

sudo apt install geeqie

Geeqie pia inaweza kuweka tagi, lakini ingia kwa Preferences sehemu ya Metadata uiambie iandike ndani ya faili za picha. Usipofanya hivyo, inaweza kuwa inaziweka kwa folda yake yenyewe, na tunarudi kwa ile stori yangu.

Za kupanga

gThumb. Kama unataka jibu moja bila maneno mengi, ni hii. Inasoma folda zako venye ziko, haikulazimishi kuingiza kitu. Unaona miti ya folda upande wa kushoto na picha kulia. Inakata, inapunguza saizi, inarekebisha mwanga, inabadilisha majina ya picha mia kwa mara moja, inatafuta nakala, na ukichomeka simu ama kadi inaweza kuingiza picha na kuzipanga kwa folda za tarehe yenyewe. Tagi na maelezo inaweza kuweka ndani ya faili. Ingia Preferences uhakikishe ile ya kuhifadhi metadata ndani ya faili iko na tiki. Kitu cha kuchunga: "katalogi" zake, yaani ile orodha ya picha kutoka folda tofauti, hukaa upande wa gThumb, haziingii kwa picha. So kwa mambo ya maana tumia tagi, katalogi iwe ya kazi ya muda.

sudo apt install gthumb

Kama uko Linux Mint, tayari uko na kitu inaitwa Pix. Hiyo ni gThumb iliyochukuliwa ikavalishwa nguo za Mint. Usipakue mbili.

Shotwell. Hii inapanga kwa matukio: picha za siku moja zinakaa pamoja kama event moja. Wasee wametoka kwa simu wanaipenda juu inafanana na galari. Ilikuwa programu ya picha ya Ubuntu kuanzia 10.10, mwaka wa 2010, ilipochukua nafasi ya F-Spot. Iko na databesi yake, kwa hivyo fanya vitu viwili. Kwanza, wakati wa kuingiza, chagua isome picha penye ziko badala ya kuzikopi. Pili, ingia Preferences uweke tiki kwa ile ya kuandika tagi na majina ndani ya faili. Na ujue hii: ukikata ama kurekebisha picha ndani ya Shotwell, picha halisi haiguswi. Hiyo ni poa, huwezi haribu. Lakini inamaanisha ukienda kwa folda utapata bado ni ile ya zamani. Lazima uiexport ndio upate iliyorekebishwa.

digiKam. Hii ni lori. Inatambua sura za watu, inapanga kwa ramani, inakubali RAW za kamera kubwa, iko na kila kitu. Kama wewe ni mpiga picha wa harusi na uko na RAM GB 8 kwenda juu, karibu. Kama uko na GB 2, wacha. Mara ya kwanza inasoma picha zote moja moja na hiyo mashine italia. Lakini kwa mambo ya tagi imejipanga: kwa settings zake unaweza kuiambia iandike ndani ya faili ama kwa kafaili kadogo ka pembeni ka XMP.

Jaribu hivi kabla ya kuamini

Usiniamini mimi pia. Chukua picha moja, kopi yake. Iweke tagi kwa programu umechagua, kwa mfano "jaribio". Funga programu. Halafu weka exiftool, ambayo kwa Ubuntu, Mint na Debian pakiti yake ina jina refu:

sudo apt install libimage-exiftool-perl

Sasa andika:

exiftool picha.jpg

Itakutolea orodha ndefu ya kila kitu kiko ndani ya hiyo faili. Tafuta "Subject" ama "Keywords". Ukiona neno lako hapo, tagi iko ndani ya picha na wewe uko salama. Usipoiona, rudi kwa Preferences. Hii test inachukua dakika mbili. Mimi ingeniokolea mwezi mzima wa kazi.

Folda kwanza, programu baadaye

Programu za picha hufa. Picasa ya Linux Google waliiacha 2012, na 2016 wakaiacha kabisa hata kwa Windows. Google Photos nayo ilikuwa inabeba picha bure bila kikomo hadi tarehe 1 Juni 2021, sai ni GB 15 ambazo unagawana na Gmail na Drive yako. Folda ya kawaida yenye jina "2019-12 Krisi ushago" itafunguka kwa mashine yoyote, leo na miaka ishirini ijayo.

So kabla hata ya kuweka tagi, panga folda: mwaka, halafu mwezi. Picha za kamera na simu ziko na tarehe ndani, kwa hivyo exiftool inaweza kukufanyia. Kopi picha zako kwa folda ya majaribio kwanza, ingia ndani, kisha:

exiftool -r -d %Y/%m "-Directory<DateTimeOriginal" .

Hiyo inahamisha kila picha hadi folda ya mwaka na mwezi wake. Ikipata faili yenye jina sawa tayari iko pale, haiandiki juu yake, inaiacha penye ilikuwa na kukuambia.

Zile za WhatsApp zitabaki, usishtuke. WhatsApp ikituma picha huondoa hayo maelezo ya ndani. Lakini cheki jina lake: IMG-20191225-WA0014.jpg. Hiyo namba ni tarehe. 2019, mwezi wa 12, tarehe 25. Si lazima iwe siku picha ilipigwa, kuna ile anti anatuma picha za harusi miezi sita baadaye, lakini inakupeleka karibu. So unaweza kuzihamisha hivi:

mkdir 2019-12-whatsapp
mv IMG-201912*-WA*.jpg 2019-12-whatsapp/

Kama terminali inakutisha, Thunar, ile ya kufungua mafaili kwa Xfce, iko na kifaa cha kubadilisha majina mengi kwa mara moja. Unachagua, unabonyeza Rename, umemaliza.

Shida mbili ndogo utakutana nazo

Picha za iPhone. Tangu iOS 11 ya 2017, iPhone hupiga kwa muundo wa HEIC. Programu zingine zitakataa kufungua. Kwa Ubuntu na Debian, kwa programu nyingi za GTK, weka pakiti ya heif-gdk-pixbuf na ujaribu tena.

Diski inajaa na hujui ni nini. Programu nyingi huweka vipicha vidogo kwa folda iliyofichwa ya ~/.cache/thumbnails ndio zifungue haraka mara ya pili. Ukiwa na picha elfu nyingi hiyo folda inanenepa. Unaweza kuifuta bila woga, zitatengenezwa upya. Usichanganye na ~/.local/share. Hiyo ndiyo inabeba databesi za programu, na hiyo usiguse.

Chagua hivi

RAM GB 2, unataka kuona tu: baki na iliyokuja na mashine, ama feh.

RAM GB 2 hadi 4, picha nyingi za familia: Geeqie ya kuona na kutafuta nakala, gThumb ama Pix ya kupanga.

Umezoea galari ya simu na unataka vitu vijipange kwa siku: Shotwell, na zile tiki mbili.

Unapiga picha za pesa na mashine iko na nguvu: digiKam, na feh ama Geeqie pembeni ya kuona haraka.

Kabla ya kufomati, tafadhali

Kopi folda ya Pictures. Kopi pia ~/.local/share na ~/.config. Ukiwa kwa terminali, kuona folda zilizofichwa ni ls -a. Kwa programu ya mafaili bonyeza Ctrl na H. Peleka kwa diski ya nje, na zile za maana kabisa peleka mahali pengine tena, kwa mtu unamwamini ama mtandaoni. Diski moja si backup. Diski moja ni kubahatisha.

Wiki tatu baada ya mazishi, nikiwa nahangaika na haya mambo yote nimekuandikia, Geeqie ilinitolea kundi la picha zinazofanana. Nne, za sekunde moja. Shosh amekaa kwa stuli nje ya jikoni, kikombe cha chai mkononi, anacheka hadi macho yamefunga. 25 Desemba 2019. Ilikuwa kwa hiyo lapi usiku wote ule.

Nimeiweka tagi. Nimehakikisha na exiftool. Nimeituma kwa group, na mathe ameiprinti kubwa, iko kwa ukuta wa sitting room sai.

Leo usiku usijaribu kupanga zote. Tafuta watu watano tu ambao hutaki kuwahi kuwatafuta saa saba usiku. Chagua picha moja nzuri ya kila mmoja, weka jina lake ndani, kopi mahali pawili. Hizo zingine elfu kumi zitangoja.